Goti la Mama Mukwe

Baba yangu aliniita Placide, jina la Kifaransa la mtu mtulivu. Maskini, alikosea. Mimi nina hasira, na mji mzima wa Baraka unajua hivyo, kuanzia sokoni mpaka ufukweni. Lakini kulikuwa na mahali pamoja ambapo hasira yangu ilikuwa inafyata mkia: kwenye kiwanja cha mama mukwe wangu.

Maana nilikuwa nakaa kwake. Haya, chekeni. Mwanaume mzima, ndevu zimeota, watoto wangu mwenyewe, nakaa kwenye kanyumba nyuma ya nyumba ya mama wa mke wangu. Na kwetu mukwe ni mtu wa kuogopwa. Huli mbele yake. Humgusi, hata pindo la kitenge chake. Jina lake hulitaji, wala yeye hataji lako. Mimi, kama watu wote, nilimwita Mama Pulchérie, kwa jina la mke wangu ambaye ndiye mzaliwa wake wa kwanza. Tena husemi naye uso kwa uso. Ukiwa na neno, unampa mtu mwingine amfikishie, hata kama mama mwenyewe amesimama hapo hapo na masikio yake yote mawili. Sasa jaribu kuishi hivyo kila siku ya Mungu. Ukienda chooni unakohoa kwanza asije akakutana nawe. Ukigombana na mke unagombana kwa kunong'ona. Mtu wa hasira kunong'ona, jamani! Nilikuwa nakaribia kupasuka.

Kilichonifunga pale ni lori. Mama Pulchérie anafanya biashara, na marehemu mume wake alimwachia Benz ya zamani, kichwa chake cha kijani, inayopanda milimani mpaka Fizi na chumvi na sabuni na kushuka na mihogo na maharage. Dereva wake ni mimi. Kuendesha najua, hilo hata adui zangu hawabishi. Lakini permis sikuwa nayo, ile leseni ya magari makubwa. Barabara ya Fizi haikuwa na shida, kwa sababu kila kizuizi wananijua. Wanainua kamba na kusema, "Mukwe wa Mama Pulchérie huyo, apite!" Hawasemi dereva Placide. Wanasema mukwe wa fulani, kana kwamba nami ni mzigo wake.

Kwa upande wa Uvira, mji mkubwa wa kaskazini, nilikuwa naishia Nundu, tena roho mkononi. Kupita Mboko na kuendelea mbele, huko barabarani kuna watu wasiomjua mukwe wa mtu. Wanataka karatasi. Na karatasi yenyewe inapatikana wapi? Uvira! Na ili upimwe Uvira lazima uende na gari, na ili uende na gari lazima uwe na permis. Niambieni ninyi mlio na akili, mtu anaingilia wapi hapo? Nilizunguka kwenye jambo hilo miaka, kama ng'ombe aliyefungwa kamba kwenye mti, na majani yote ya kuzunguka ule mti nilikuwa nimeshayamaliza.

Halafu akaja Mahmudu. Mahmudu ni mtu wa maboti, na sasa ameongeza malori. Alinikuta ufukweni nikipakia, akasimama akiangalia ninavyorudisha ile Benz kinyumenyume kati ya vibanda viwili vya samaki bila kugusa hata fito.

"We Placide," akasema, "Uvira niko na gari mupya, haina shofere. Nyuma ya depo yangu kuko nyumba, vyumba viwili, utaingia na bibi na batoto. Permis iko?"

"Haiko."

"Basi na kazi haiko." Akacheka, lakini hakuondoka. "Nitakungojea mpaka mwisho wa mwezi. Kisha nitatafuta mwingine."

Nyumba! Mlango wangu mwenyewe, ambao naweza kuubamiza nikikasirika. Nilirudi nyumbani nikiwa na joto mwilini kama mgonjwa wa malaria. Nilitaka kitu kimoja tu duniani: kumchukua Pulchérie na watoto wetu niondoke nao kwenye kile kiwanja.

Bahati nayo, siku ikifika, inagonga. Wiki ile ile ikatangazwa kanisani na msikitini kwamba wapimaji wa permis wanakuja Baraka wenyewe, kwa kuwa madereva wasio na karatasi wamezidi. Masharti yalikuwa haya: cheti cha daktari kwamba macho yanaona, picha, kujua alama za barabarani, na kila mtu aje na gari atakayopimiwa, pamoja na mwenye gari.

Alama nilijifunza kwenye bango alilonipa rafiki. Mke wangu alikuwa ananiuliza huku akichambua mboga. Pembetatu hii ni nini? Duara hili jekundu? Baraka hatuna hata alama moja, labda ile ya kanisa. Nilikariri taa tatu za njia panda, nyekundu, manjano na kijani, kama mtoto anayekariri amri za Mungu, na sijawahi kukutana nazo.

Daktari alisema macho yangu ni mazuri. Ikabaki gari. Ndipo nikamtuma Pulchérie kwa mama yake. Mimi nilisimama nyuma ya ukuta wa jikoni, nikisikia kila kitu.

"Mama, Placide anaomba gari ya kufanyia mutihani."

Kisu kilikuwa kinamenya muhogo, kikasimama.

"Na akiisha kuipata hiyo permis, ataenda wapi?"

Pulchérie hajui kusema uongo, ndiyo shida yake. "Uvira, Mama. Kwa Mahmudu. Na siye tutamufwata."

Niwaambie kitu: Mama Pulchérie alizaa watatu. Mmoja, wa kiume, alikufa ziwani. Mdogo wao alivuka na wakimbizi kwenda Nyarugusu, Tanzania, akaolewa huko, na hajarudi. Hilo nililijua, lakini siku ile, nyuma ya ukuta, sikulifikiria hata kidogo. Nilikuwa nafikiria mlango wangu.

"Umwambie gari itaenda," mama akasema. "Na miye nitaenda nayo."

Nilirusha ngumi hewani kwa furaha. Mjinga mimi.

Siku ya mtihani tulikusanyika kwenye uwanja. Mpimaji aliitwa Bwana Casimir, mtu wa Kisangani, mwembamba, viatu vinang'aa kwenye vumbi lote lile. Maswali ya alama niliyajibu yote. Kurudi nyuma kati ya madumu nilifanya mara moja tu, na watu wakapiga makofi. Mama Pulchérie alikuwa amesimama kando na mkoba wake chini ya kwapa, amevaa kitenge cha siku kuu. Hakupiga makofi. Sikujali. Ilibaki barabara tu: kutoka mjini, kuelekea njia ya Fizi mpaka juu ya kilima, kugeuza na kurudi. Njia ile naijua hata nikiwa nimelala.

Casimir akafungua mlango wa upande wa pili. "Mwenye gari ni nani?"

"Ni miye," akasema Mama Pulchérie. "Gari yangu haiendi na mugeni bila miye."

"Panda basi, mama. Panda mbele yangu, miye nitakaa dirishani."

Akapanda. Akakaa katikati. Katikati, jamani! Safari zote tulizowahi kwenda pamoja, yeye alikaa dirishani, na kati yetu tuliweka mtu wa kupakia mizigo, na akikosekana tuliweka gunia la maharage. Gunia lilikuwa ndiyo heshima yetu. Siku ile hapakuwa na gunia. Palikuwa na yeye, na kitenge chake, na goti lake.

Sasa lazima niwaeleze ile Benz. Fimbo ya vitesi, yaani gia, ni ndefu, imepinda, inatoka sakafuni kati ya dereva na mtu wa katikati. Ya kwanza na ya pili ziko upande wangu. Ya tatu, ya nne na ya tano ziko upande wa pili, na upande wa pili siku ile ulikuwa goti la mama mukwe. Ukitaka ya tatu, lazima mkono upite pale.

Nikawasha. Ya kwanza, sawa. Ya pili, sawa. Tukatoka uwanjani. Gari ikaanza kulia, inataka ya tatu. Mkono wangu ukashika fimbo, ukaenda kidogo, ukaona kile kitenge, ukarudi kwenye usukani wenyewe.

"Tia ya tatu, shofere," akasema Casimir.

"Ndiyo, patron."

Sikutia. Tukaenda. Injini inapiga kelele kama nguruwe anayechinjwa, moshi umefunika njia, na sisi mwendo ni wa jeneza. Vijana wa pikipiki wakatupita, mmoja akageuka akapaza sauti, "Placide! Umebeba mayai?" Mwingine akasema, "Muacheni, haraka haraka haina Baraka!" Mama mmoja mwenye beseni la mihogo kichwani alitembea sambamba na dirisha langu, tena bila kuhema. Jasho lilinitoka mpaka ndani ya viatu.

"Gari iko na shida?" akauliza Casimir.

Fikirini majibu niliyokuwa nayo. Nikisema ndiyo, gari mbovu, mtihani unafutwa, na nimemtukana mwenye gari mbele ya mgeni. Nikisema hapana, basi mbovu ni mimi. Nikisema ukweli, kwamba goti la mama huyu limenizuia, basi nimelitaja goti la mama mukwe wangu kwa kinywa changu mbele ya mwanaume asiyemjua. Afadhali ningekufa. Nilitafuta mtu wa kumtuma ili amwambie mama asogee, kama tufanyavyo nyumbani, na mtu pekee aliyekuwepo alikuwa mpimaji wangu.

"Bwana Casimir," nikasema, macho mbele, "tafadhali, umwulize mama kama amekaa vizuri."

Casimir akanitazama kama mwendawazimu. "Mama iko hapa hapa. Umwulize mwenyewe."

"Tafadhali, patron."

Akashusha pumzi. "Mama, shofere anauliza kama umekaa vizuri."

"Umwambie nimekaa muzuri sana," akasema Mama Pulchérie.

Mbele kilima kikaonekana. Casimir alishatoa kalamu yake mfukoni, anaigonga gonga kwenye paja.

"Shofere, miye sina siku nzima. Kama hujui vitesi, sema. Ukifika pale kwa mulima na hii ya pili yako, naandika kwamba hujui, tunarudi. Utangojea mupaka tutakaporudi huku, na sijui kama tutarudi."

Mwisho wa mwezi wa Mahmudu ulikuwa wiki ile. Nikahisi ile kabini inasinyaa, inanibana mabega. Nilimwomba Mungu moyoni: mama asogee kidogo tu, upana wa kiganja, na mimi nitamshukuru maisha yangu yote. Nikasema moyoni, maskini, naye amebanwa, kushoto kuna mukwe wake, kulia kuna mwanaume mgeni, asogee wapi? Nikageuza macho kidogo, niangalie kama kuna nafasi.

Nafasi ilikuwepo! Casimir ni mwembamba, tena alikuwa amejibana mlangoni kwa adabu. Kati yake na mama ungeweza kukalisha mtoto. Mama Pulchérie hakuwa amekaa pale kwa kubanwa. Alikuwa amesogea kwangu. Na goti lake halikuwa limeguswa na fimbo kwa bahati mbaya. Lilikuwa limeiegemea. Alikuwa amelikaza, nikaona mpaka mshipa wa mguu ulivyosimama. Uso ulitazama mbele, mtulivu kabisa, kama mtu anayesikiliza mahubiri.

Kumbe! Yeye alijua vizuri kuliko wote kwamba sitamgusa. Kwamba mimi Placide, na hasira zangu zote, nitapanda kile kilima kwa ya pili, nitashindwa, nitarudi nyuma ya nyumba yake kukohoa na kunong'ona mpaka nizeeke. Alikuwa amenifunga kwa heshima yangu mwenyewe.

Niseme ukweli, sikufikiri. Ile hasira iliyonyamaza miaka yote iliamka yote pamoja. Nilikanyaga klachi, nikashika fimbo, nikasukuma. Goti likakataa. Nikasukuma tena, kwa mkono wangu wazi, juu ya kitenge chake, mpaka likaenda. Lilikuwa jepesi, sikutegemea. Mfupa tu wa mama mzee.

"Yuuu!" akalia mara moja, akafunika uso kwa mkoba.

Ya tatu iliingia. Ya nne ikaingia. Ile Benz iliruka pale kilimani, tukafika juu, nikageuza, tukashuka vizuri. Casimir hakuelewa kitu. Aliandika, akapiga muhuri, akanipa mkono. "Unajua kuendesha," akasema, "lakini unachelewa sana kubadilisha." Mama Pulchérie alishuka peke yake, akajifunga kitambaa kichwani kama mtu wa msiba, akaenda nyumbani kwa miguu.

Nilipofika jioni, ukoo wote ulikuwa umekaa. Willy, baba mdogo wa Pulchérie, mtu wa maneno machache, akasema yaliyopaswa kusemwa. Mimi nimemgusa mama mukwe wangu. Kwa desturi yetu sitalala tena ndani ya kiwanja kile wala sitakikanyaga, na mke wangu hatalala nami, mpaka nilete mbuzi wa kumsafisha mama, na mama ampokee kwa mikono yake. Asipompokea, jambo bado lipo.

Nikainamisha kichwa kama mwenye aibu, na aibu nilikuwa nayo, msidhani. Lakini ndani nilikuwa nacheka. Wananifukuza! Wananifukuza mahali ambapo nimetafuta mlango wa kutokea miaka yote hii! Mbuzi ni kitu gani? Mbuzi wamejaa Baraka.

Pulchérie alinisindikiza mpaka langoni tu. Macho yake yalikuwa mekundu. "Tangulia Uvira," akasema. "Uanze kazi, usimupoteze Mahmudu. Leta mbuzi, mama apokee, siye tutakuja. Siwezi kuja mbele ya hapo, Placide. Ni mama yangu uliyemugusa."

Nikaenda. Mboko nilipita mchana kweupe, permis mkononi, na yule mtu wa kizuizi alisoma jina langu kwa sauti. Placide, dereva. Nikalia kidogo, nani aliniona?

Safari ya kwanza ya kurudi Baraka nilileta mbuzi. Nikasimama nje, nikamtuma Willy. Akarudi: "Anasema mbuzi ni mudogo." Sawa. Safari ya pili nikaleta mkubwa, jike, na tumbo lake. Willy akarudi: "Anasema ni mweusi, hapendi mweusi." Nikaleta mweupe. "Anasema leo anaumwa." Safari nyingine alikuwa kanisani. Nyingine amelala. Yule jike mweusi niliyemwacha kwa jirani akazaa, na watoto wake wakaanza kula majani, na mama bado anaumwa. Watoto wangu walikuwa wanachungulia kwenye ua wa matete, nawapitishia biskuti kwenye tundu, kama mfungwa anayetembelewa. Na mimi ndiye niliyekuwa nje! Ile nyumba ya Uvira ina mlango mzuri. Niliubamiza mara moja, hakuna aliyesikia, sikuubamiza tena.

Jumamosi iliyopita nikachoka. Nilisimamisha lori mbele ya lango, nikamshusha mbuzi mweupe, na sikumtuma mtu. Nilipiga kelele, sauti yangu yote, mtaa mzima ukatoka.

"Mama Pulchérie! Mbuzi huyu ana kosa gani?"

Nilidhani atamtuma Willy. Akatoka mwenyewe. Alitembea polepole mpaka langoni, anachechemea kidogo, akasimama karibu yangu kuliko alivyowahi kusimama. Akampapasa mbuzi mgongoni, akamwangalia meno kama mnunuzi.

"Placide," akasema.

Hajawahi kuniita. Tangu nimwoe binti yake, hajawahi. Hasira yangu yote ikanitoka kama upepo kwenye tairi.

"Mbuzi ni muzuri," akasema. "Hata ule mweusi alikuwa muzuri. Sina neno na mbuzi. Lakini siku nitamupokea, bibi yako atafunga mizigo, na batoto, na miye nitabaki humu ndani peke yangu na kuku. Niambie weye, mwanangu. Ungekuwa miye, ungemupokea?"

Nyuma yake Pulchérie alikuwa amesimama mlangoni, mtoto mgongoni, na naye alikuwa anangoja nitajibu nini.